Kitambaa Mguuni mwa Kuku

Watu wa Kasongo wakimtaja Prof huanza na nyoka. Mimi naanza na vidole vyake viwili, kidole gumba na cha shahada, kwa sababu vilinifinya. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari katika shule moja ya kanisa, na siku ile alipita kati ya mabanki, yaani madawati yetu, akimfinya kila mmoja wetu ngozi ya nyuma ya mkono, akiivuta juu na kuiachia.

"Angalia. Ikirudi mbio, weye ulikunywa maji. Ikikawia, weye iko na kiu hata kama unakataa."

Halafu akafungua sanduku lililokuwa nyuma ya darasa, akamfinya chatu wake ubavuni vilevile. Mkunjo ulibaki umesimama. Akatuita tuje karibu, hata wale waliokuwa wameshapanda juu ya mabanki kwa woga. "Madamu iko na kiu," akasema. "Yeye hasemi. Nyoka hata siku moja haisemi kiu. Ni weye utaona, ama hautaona."

Kwetu kila mwalimu wa sekondari huitwa Prof, lakini mjini ukisema Prof bila kuongeza kitu, watu walijua unamsema huyu wa biolojia, mwenye chatu. Alizaliwa wapi na nani, sijui wala sikuuliza. Nakijua alichonifundisha, na najua nilivyokitumia.

Madamu aliletwa shuleni angali mdogo, wakulima walimkamata kwenye mpunga upande wa Lualaba wakataka kumla. Sisi tulipomkuta alikuwa ameshapita urefu wa watu wawili wakilazwa chini. Jina walimpa wanafunzi wa zamani. Prof mwenyewe alisema nyoka hahitaji jina kwa sababu haitiki, kisha akamwita Madamu kila siku ya maisha yake. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Sisi alituita kwa mabanki. Mimi nilikuwa Banki ya Tatu, na hata nilipokuwa mwalimu mkuu mwenye ofisi na muhuri, alisimama mlangoni mwa ofisi yangu na kuniita Banki ya Tatu mbele ya walimu wangu.

Alikuwa na beseni la plastiki, kubwa, la bluu, ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kufulia. Madamu akionekana amekauka, macho yameingia ndani na mate ya kinywani yanavutika, Prof alipasha maji kidogo, akayapima kwa kiwiko, akajaza beseni mpaka nusu ya unene wa nyoka, si zaidi, ili kichwa kipumzike juu bila shida. Kisha akakaa kwenye kigoda pembeni, saa yake mkononi, akisahihisha kazi zetu. Nusu saa. Kazi zangu nyingi zilirudi zimelowa pembe. Mama yangu alipoona buletini yangu, ile ripoti ya shule, na alama ya maji juu yake aliuliza kama mwalimu wetu anatusahihisha akioga.

Na kinyesi. Hapo ndipo wengine walipoacha kumpenda. Alitutolea kinyesi cha Madamu juu ya jani la mgomba na kutufanya tuvunje kwa kijiti ile sehemu nyeupe. Ikiwa laini, vizuri. Ikiwa ngumu, ya njano, yenye kukwaruza, basi mwili unabana maji, na mwenye kumtunza amelala. Msichana mmoja wa banki ya kwanza alitapika hapohapo.

"Tapika tu," Prof akamwambia. "Na hiyo nayo iko somo. Sasa weye utapoteza maji. Nenda kunywa."

Hakumpa hata kitambaa cha kujifutia. Mtu aliyepima maji ya nyoka kwa kiwiko hakujua afanye nini na mtoto wa mtu anayelia. Nilimwona akiangalia pembeni, akijikuna shingo, akingoja amalize kulia.

Nyumbani kwake ilikuwa hivyohivyo. Siku ya harusi ya mwanawe alifika watu wameshakula, kwa sababu Madamu alikuwa akivua ngozi na kipande kimoja kilibaki kimeganda juu ya jicho. Akakaa naye kwenye beseni mpaka kikalainika na kutoka chenyewe. Mkewe, mama mmoja mcheshi aliyejua kuumiza kwa kicheko, akawaambia wageni: "Munisamehe, wapendwa. Miye niko bibi wa pili. Wa kwanza iko ndani ya sanduku." Watu wakacheka. Prof naye akacheka, akaketi, akaomba sahani. Sidhani kama alielewa kwamba yule mama hakuwa akitania sana.

Wapo waliosema ni mchawi. Aliimba besi kwenye kwaya miaka yote, na bado walisema. Mchungaji alipokuja kumwonya, Prof alimtolea nyoka na kumwomba amfinye ubavuni aseme kama ana kiu. Mchungaji alikataa. Mwenye duka jirani, mzee wa Kiislamu, alifinya, akafikiri, akasema iko sawa, na tangu siku hiyo akawa anamwekea Prof mifuko ya makaa ya kupashia maji.

Jambo moja la ajabu kuhusu mtu huyu mwenye elimu ya kiu ni kwamba yeye mwenyewe hakunywa maji. Asubuhi chai moja, jioni chai nyingine. Midomo ilimpasuka. Tumbo lilimsumbua tangu zamani, na dawa yake ilikuwa udongo mweupe wa sokoni, ule wanaotafuna wanawake wenye mimba. Aliuweka mfukoni pamoja na chaki, na mara mbili kwa macho yangu alikosea akaanza kuandika ubaoni kwa udongo na kutafuna chaki. Tulicheka mpaka tukatolewa nje. Tulipomwuliza kwa nini yeye hanywi, alisema, "Miye naweza kusema. Siku nikiwa na kiu, nitasema."

Sasa niseme juu ya ile pointi.

Kwenye mitihani yake, mwanafunzi asiyejua jibu aliweza kuandika neno moja, Sijui, na Prof alimpa pointi moja. Aliyebuni jibu alipata sufuri, hata kama alijaza ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Walimu wenzake walimlaumu kwamba anatufundisha uvivu. Inspekta alimwandikia. Hakuacha. Alisema mgonjwa anakufa mikononi mwa mtu aliyebuni, hafi mikononi mwa aliyesema sijui na kwenda kuuliza. Nilimaliza sekondari nikiwa na pointi nyingi za Sijui, na sikuona haya.

Somo la tumbo nililipata mwaka wa tano. Wanafunzi wa darasa jingine walimnyanyua Madamu kupiga naye picha kwa simu, siku moja tu baada ya kula. Akarudisha panya mzima kwa kinywa, amelowa, ananuka darasa lote. Prof hakupiga kelele. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKUNA CHAKULA, SIKU KUMI NA NNE, na chini yake akaandika zamu ya maji. Zamu ikaniangukia mimi. Kila siku nilimwekea beseni, nikakaa kwenye kigoda chake na saa yake, na kila siku nilimwona Madamu anakonda nikamwomba Prof tumpe hata kifaranga.

"Chakula kilitoka na asidi yake yote," akaniambia. "Tumbo sasa ni kidonda kitupu, haliko na kitu cha kusagia. Ukimupa leo, atakula. Ndiyo ubaya wake, atakula. Halafu atarudisha tena, na safari hii atarudisha na maji ya mwili wake. Banki ya Tatu, unanisikia? Utaona nyoka mukondefu, moyo wako utakuambia mupe. Ule moyo wako ndio utamuua."

Nilimsikia. Siku ya kumi na tano tulimpa kifaranga kimoja, kikakaa, na Prof akanipa mkono mbele ya darasa. Hakumpa mkono mwanafunzi mwingine yeyote niliyemjua.

Miaka ikapita, nikapelekwa Wamaza kuongoza shule ya msingi. Prof akaingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Shule ya kanisa ikapata mkuu mpya, kijana wa mipango, na mkuu mpya akampa wiki moja aondoe sanduku. Wakati huohuo Prof akaitwa Kindu kufanyiwa upasuaji. Watu wa Kasongo hawakuwa tayari kukaa na chatu mwezi mzima. Basi akamtia Madamu kwenye gunia, gunia ndani ya kikapu, kikapu nyuma ya pikipiki ya kukodi, akanifuata Wamaza. Siku mbili za tope, upande usio wa Kindu, na macho hayaoni vizuri. Mtu alifanya hayo kwa sababu aliamini kwamba katika Maniema nzima ni mimi tu ninayejua.

Alipofika hakunisalimu kwanza. Alisema, "Amerudisha. Lusangi, pale tulipolala. Kosa ni langu, sikungoja amalize kusaga panya wake." Akafinya ubavu wa Madamu, na kwa sababu haoni akaniuliza, "Inarudi?" Haikurudi. Tukaandaa beseni. Jioni ile aliandika maagizo kwa herufi kubwa kama za mtoto. Maji kila siku, ya uvuguvugu, nusu saa. Chakula hapana, siku ishirini na moja. Kisha kifaranga kimoja. Akanisomesha kwa sauti mara tatu, akaondoka asubuhi.

Sasa mujue desturi ya Wamaza, maana bila hiyo mtanichukua kuwa mjinga, na mimi sikuwa mjinga. Mgeni akifikia nyumba ya mtu mkubwa wa kijiji, wazazi humletea kuku mzima. Mguuni hufunga kitambaa kilichochanwa kwenye kitenge cha aliyetoa, ili mgeni ajue amekaribishwa na nani. Kuku huyo harudishwi. Ukimrudisha umemrudishia mtu uso wake, umemwaibisha mbele ya wote.

Siku ya nne alikuja mama mwenyekiti wa komite ya wazazi, na nyuma yake nusu ya kijiji. Mama huyu na mimi hatukupatana. Kwake nilikuwa mwanamke wa Kasongo mwenye kujisikia. Miezi mitano nilikuwa nikiwaomba wazazi wafyatue matofali ya darasa la sita, watoto walikuwa wakisoma chini ya turubai, na kwa miezi mitano alikuwa akisema ndiyo bila tofali moja kuonekana. Sasa amekuja na jogoo mwekundu, mguuni kitambaa cha bluu chenye ndege wa njano.

"Direktrisi, tulisikia uko na mugeni," akasema. "Sisi hatuwezi kuacha mugeni alale njaa mara nne."

"Mama, mugeni huyu ni mugonjwa. Mwenye nyoka alikataza asile."

"Mugonjwa ndiye anayekula." Watu wakacheka kidogo. Akaendelea polepole, akiniangalia. "Ama kuku wa Wamaza ndiye hafai?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na karatasi ya Prof mezani, hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kumpokea jogoo, nikamfuga, nikasema atakula siku yake ikifika. Nimeifikiria hiyo mara nyingi sana, ni rahisi hivyo. Lakini nje walikuwa watu wengi, mama ananiangalia, na Madamu alikuwa amekonda kweli, mgongo umetoka. Moyo wangu uliniambia mpe. Nikafungua sanduku.

Alikula. Kijiji kizima kilipiga makofi. Mama mwenyekiti alinishika mkono, na siku ya pili yake vijana walikuwa mtoni wakifyatua matofali. Nitasema ukweli kwa kuwa nimeanza: nilifurahi. Jioni ile nilijiona mtu mwenye akili kuliko Prof.

Siku ya saba alirudisha. Sitaeleza ilivyokuwa. Nilitupa chooni, nikaosha sanduku, nikaanza beseni asubuhi na jioni, nikachanganya maji ya chumvi na sukari nikamtilia kinywani tone kwa tone. Mate yake yalikuwa nyuzi. Macho yalizama. Niliketi kwenye kigoda na saa, kama zamani, nikimfinya ubavu kila siku, na kila siku mkunjo ulisimama muda mrefu zaidi. Siku ya kumi na tisa alikuwa amekufa, nikamzika nyuma ya darasa jipya, kuta zikiwa zimefika magotini.

Prof alirudi siku sita baadaye, jicho moja limefunguliwa. Alikuwa mchangamfu, nadhani ni mara ya kwanza kumwona hivyo. Aliniambia nina mvi. Kisha akauliza. Nikamwambia, "Safari ilimumaliza, Prof. Alifika amekauka sana. Nilifanya yote uliyoandika."

Akasema, "Basi ni miye."

Aliniuliza nilimzika wapi, akaomba jembe, akaomba aachwe peke yake. Nilidhani anataka kuomba. Niliporudi kutoka darasani alikuwa ananawa mikono kwa majivu na sabuni, mara tatu. Akala bugali wangu, akashukuru, akaniita Banki ya Tatu, akapanda pikipiki. Hakuja tena Wamaza.

Darasa la sita limesimama vizuri. Ni jengo zuri kuliko yote tuliyo nayo. Mimi mwenyewe nafundisha humo sayansi, na dirisha la nyuma huwa nalifunga.

Miaka minne nilikwenda Kasongo kwa mikutano na sikupita kwake. Mwezi uliopita niliambiwa ni mgonjwa, tumbo, hakuna kinachokaa. Nilikwenda. Mkewe alishafariki, mke wa mwanawe alinifungulia, akasema wamemletea seromu ya unga, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kutoka senta ya afya lakini mzee anakataa, anasema hana kiu. Nikaingia. Alikuwa amelala ubavu, amepungua, na lile jicho lake moja zima likaniangalia.

"Banki ya Tatu."

Nilishika mkono wake, nikamfinya ngozi. Ilisimama. Nilimwambia ana kiu, na kwamba alisema siku akiwa na kiu atasema. Akatabasamu kidogo, akanionyesha daftari lake la zamani juu ya sanduku la nguo. "Fungua kwenye tumbo."

Nilifungua ukurasa wa tumbo la nyoka, ule mchoro tulioiga wote. Katikati palikuwa na kitambaa kilichokauka, kimepoteza rangi, lakini bluu ilionekana, na ndege mmoja wa njano, na fundo halijafunguliwa. Jogoo Madamu alimrudisha. Kitambaa kilibaki ndani yake, na Prof alikikuta alipomfukua kwa jembe langu.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilikuwa na haya, lakini hasira ilitangulia, na sitaificha. "Ulijua siku ile. Ukala chakula changu, ukajua. Miaka mine unaniacha."

"Miye nilisahihisha," akasema. "Nikangoja."

Basi nikasema. Nilisema yote, mama mwenyekiti, matofali, makofi. Alinikatiza kwa maswali, sauti ndogo lakini ileile ya darasani.

"Kuku muzima?"

"Muzima."

"Siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Niliandika ngapi?"

"Ishirini na moja, Prof."

Akafumba jicho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Siku ile ungesema tu, ningekupa ile pointi moja. Sasa haiko tena."

Nilikoroga unga wa seromu katika maji, nikapima uvuguvugu kwa kiwiko, nikamwekea kijiko mdomoni. Alimeza. Nikaweka kingine, nikangoja, kingine. Mke wa mwanawe alisimama mlangoni akishangaa, maana kwake alikataa siku mbili. Saa yake ilikuwa bado mkononi mwake, nikaisoma hapo. Nusu saa ilipotimia nilimfinya tena ngozi ya mkono, nikaangalia. Ilikuwa bado imesimama.